Kasha la Vioo na Kadi ya Maskati

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu huko Kengeja akavunjika kiuno, na shida yangu ikaanza siku hiyo. Hakufa. Angekufa watu wangetuhurumia. Alilala kitandani miaka na miaka akitoa amri, na mimi mwanawe mkubwa nikawa ndiyo miguu yake. Skuli niliiacha darasa la nne. Wanaosema elimu ni mwanga wanasema kweli, lakini mwanga haupikwi ukaliwa.

Nilichuma karafuu za watu, nikabeba magunia bandarini, nikawa utingo wa gari la abiria la Kengeja na Chake, na kutoka kwenye gari nikaingia kwenye spea za magari. Duka langu la spea liko Chake Chake. Nimelisimamisha mwenyewe. Hapana mtu wa kusema alinishika mkono, na anayesema hivyo aje mbele yangu aseme.

Ninachotaka kukieleza hapa ni wivu. Watu hudhani wivu ni wa mke na mke mwenziwe. Mimi wivu umenila nikiwa mtu mzima na mvi zangu, tena kwa ajili ya kompyuta ya kuchezea gemu.

Kwanza mumjue shemegi yangu, kaka wa mke wangu. Watu wake ni wale wa nasaba ya Kiarabu waliokuwa na mashamba kabla mashamba hayajagaiwa watu baada ya Mapinduzi. Mkarafuu alikoanguka baba yangu ulikuwa zamani wa babu yao. Nilipokwenda kumposa dada yake, yeye ndiye aliyeuliza mbele ya wazee, "Kijana kasoma mpaka wapi?" Nikamjibu, "Nimesoma mpaka hapa nilipokaa." Wazee wakacheka, nikaozeshwa, lakini lile swali sikulisahau. Vilipoingia vyama vingi, yeye akaenda chama chake na mimi changu, na wakati ule Pemba mtu wa chama kingine hununui dukani kwake wala huendi kumzika. Akikosa plagi ya vespa yake alikuwa anaagiza Unguja, na mimi ninazo zimejaa kabatini. Baadaye akaenda zake Maskati. Wakubwa wa vyama walipokuja kupeana mikono, naye akarudi, na kiinua mgongo, na nyumba nyeupe Chake, na ujuzi wa kompyuta aliofanyia kazi huko ugenini. Tukasalimiana vizuri. Tukasameheana. Nilidhani yamekwisha.

Binti yangu ni kitindamimba. Wenziwe wote wameshaondoka, wengine kwa waume zao, wengine kwenye riziki zao. Yeye alisoma chuo Unguja, na huko dahalia walikuwa wasichana wenye kompyuta za gemu, wakimfundisha mpira wa kwenye skrini na mbio za magari. Aliporudi nyumbani alikuwa anapiga hina na piko maharusi. Ana mkono mwepesi, anaitwa mpaka Gando. Akawa anaweka pesa yake. Nikadhani anataka dhahabu, maana msichana wa Kipemba anapoweka pesa ni dhahabu au ni kitanda.

"Nataka kuunda kompyuta, baba," akaniambia. "Ya gemu. Lakini ya bei rahisi."

"Kuunda? Si zinauzwa nzima?"

"Nzima ghali. Ukichagua vitu vyake wewe mwenyewe, kimoja kimoja, inashuka."

Hapo nilifurahi, sikufichi. Kuchagua vitu kimoja kimoja ndiyo kazi yangu. Mimi nikiishika beringi nazijua siku zake zilizobaki. Nikajiweka sawa kwenye kiti nikingoja aniulize. Akasema, "Mjomba atanisaidia kuchagua."

Tangu siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, nikimtafuta binti yangu naambiwa yuko kwa mjomba wake. Wanakaa barazani, vichwa vimegusana juu ya simu moja, wanaangalia mashine za watu. Mimi napita na baskeli yangu kama sioni. Naona. Anarudi nyumbani ana maneno mapya mdomoni.

"Mjomba kasema mashine zilizotumika za maofisini ndizo nzuri kwa mtu wa pesa ndogo. Zinakuja kutoka Ulaya zikiwa nzima, prosesa yake bado ina nguvu. Unaongeza ram, unaongeza kadi ndogo ya picha, ile isiyotaka waya wake mbali wa umeme, basi inacheza."

"Mjomba kasema, mjomba kasema. Mjomba wako kauza nini maishani mwake?"

"Hakuuza, baba. Alikuwa anatengeneza."

Mke wangu alikuwa anakuna nazi. Hakuinua hata kichwa. "Na wewe ulitaka akuulize wewe? Kompyuta haina giaboksi, bwana."

Haya ningeyameza. Lililonikaba ni jingine. Usiku wa pili wake, tunakula, mtoto akasema mjomba kamwambia kule Maskati ana mwanawe mwenye duka la kompyuta, na kazi hii ikimpendeza atamtafutia safari akaishi kwa mwanawe huyo ajifunze vizuri. Alilisema huku anamenya embe, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mvua. Mimi nikalirudisha tonge sahanini. Nikaona sasa ile kompyuta si kompyuta. Ni ngazi anatengenezewa, kitu baada ya kitu, na ngazi yenyewe imeegemezwa Maskati. Wale watu walinichukulia baba yangu kiuno, sasa wanataka na kitindamimba wangu.

"Hapa dukani kwangu pana kazi tele," nikasema. "Kaunta ile ni yako."

"Nimesikia, baba."

Nimesikia si ndiyo. Hilo analijua kila mzazi.

Mashine ya ofisini ikaja. Aliiagiza kwa pesa yake ya hina, hakuniomba hata senti. Sanduku jeusi, dogo, jembamba, la huzuni, na stika ya watu wengine mgongoni. Nikalitazama nikasema moyoni, hiki ndicho alichochagua yule msomi? Huyu ni karani mstaafu, unataka kumchezesha ngoma.

Wiki ile nilikuwa na safari ya Unguja kufuata spea. Nilipomaliza mambo yangu nikaingia duka moja la kompyuta, na pale dirishani likanitazama kasha. Kasha tupu la kompyuta, ubavu wake vioo pande mbili, mbele yake feni tatu zinazunguka na taa, mara nyekundu mara buluu mara kijani kama jahazi la maulidi. Nikasimama.

Sasa nieleze nilivyofikiri, maana baadaye walinicheka, na mimi nilifikiri kwa akili yangu timamu. Kwetu Pemba gari la abiria linakuja chesisi na kichwa, bodi tunalijenga wenyewe kwa mbao. Na kinachosifiwa na watu ni bodi. Abiria hamsifii mwenye gari kwa difu yake iliyojificha chini. Injini utaibadilisha, giaboksi utaibadilisha, lakini bodi likiwa zuri gari lina heshima mpaka linakufa. Basi nikajua: yule shemegi anachagua vya ndani ambavyo havionekani, mimi nitachagua kinachoonekana. Kila atakayeingia chumbani kwa binti yangu ataona kitu cha baba yake kwanza. Nikalibonyeza bati lake, zito. Vitu vyepesi sivinunui. Nikalilipia, nikalipakata kwenye boti njia nzima kama mtoto mchanga, na mtu akitapika karibu yangu namfukuza.

Nikalifungua sebuleni. Mke wangu akasema, "Mashaallah," na mke wangu hasemi mashaallah ovyo. Binti yangu akapiga magoti, akapitisha vidole juu ya kioo.

"Zuri, baba."

Lakini alilisema kama mgeni anavyosifu wali usio na chumvi.

"Sema."

"Bodi ya ile mashine ya ofisini, ile sahani ya ndani inayobeba vitu vyote, haikai humu. Matundu ya skrubu hayalingani. Na plagi zake za umeme ni za kampuni yake peke yake."

"Tutatoboa matundu mengine. Nina drili dukani."

"Baba, hii si bampa."

Shemegi yangu akasikia. Chake ni mji mdogo, na mke wangu ana mdomo. Akaja baada ya magharibi, kanzu nyeupe, harufu ya udi imetangulia mbele yake. Akalizunguka lile kasha, mikono nyuma.

"Tabaraka Allah, shemegi. Kitanda cha bibi harusi hiki. Sasa bibi harusi mwenyewe yuko wapi?"

"Si wewe uliyemletea karani mzee?" nikamjibu. "Mimi nimeleta kitanda, wewe umeleta kikongwe. Nani amemfanyia mtoto ubahili?"

Nikamwona macho yanarudi kwenye zile taa, yanaondoka, yanarudi. Wivu naujua sura yake, nimekuwa nao. Mtu huyu mwenye akili, aliyemwambia mtoto wiki nyingi kwamba kadi ndogo inatosha, alitoka kwangu bila ya kumaliza kahawa, na kabla ya isha alikuwa ameshampigia simu mwanawe wa Maskati.

Kadi ikaja na msafiri. Kadi ya picha ya gemu, ndefu kutoka kiganja changu mpaka kwenye kiwiko, feni zake tatu, imelazwa kwenye sponji kama mkufu. Aliileta mwenyewe, akamkabidhi binti yangu mbele yangu, kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo kadi, mwanangu. Ile ndogo niliyokwambia, isahau. Na ukifika kwa binamu yako utaziona nyengine kubwa zaidi ya hii."

Nikaomba niishike. Nilipoipima mkononi roho iliniuma, maana ilikuwa nzito kweli.

Mtoto alikaa mbele ya vitu vile vitatu, yule karani mweusi, kasha langu na kadi ya mjomba wake. Halafu akacheka peke yake, si kicheko cha furaha.

"Mjomba kanipa kichwa cha Fuso. Baba kanipa bodi la basi. Na mimi mwenyewe nina injini ya vespa."

Akatueleza, taratibu, kama anavyowaeleza wazee wa bwana harusi kwa nini hina haiwezi kukaushwa kwa haraka. Kadi ile kubwa haiingii kwenye ile mashine nyembamba. Ingeingia, umeme wa mashine ile usingeitosha. Ingeingia kwenye kasha langu, ndiyo, lakini kasha langu halina bodi ya kubeba vitu. Bodi mpya inataka prosesa mpya, prosesa mpya inataka ram nyengine, na vyote vile vinataka pawa saplai kubwa. Na vyote hivyo vilivyobaki, ambavyo ndivyo vingi, ni juu yake.

"Mimi nilitaka kompyuta ya bei rahisi," akasema. "Nyinyi mmeshanizawadia mpaka siwezi kuinunua."

Angesema hivyo kwa hasira ningemkemea. Alisema kwa upole, akaenda jikoni kwa mama yake.

Tukabaki wanaume wawili na zile taa zetu.

"Rudisha kasha lako, shemegi," akaniambia. "Mtoto anunue la kawaida."

"Rudisha kadi yako, mtoto atie ile ndogo. Si ndiyo ushauri wako mwenyewe? Au ulikuwa ushauri wa maskini mpaka ulipoona vioo?"

"Wewe unajua nini kuhusu hivi vitu?"

"Najua kwamba walii wa mtoto huyu ni mimi."

"Kwani anaolewa?"

"Hata kompyuta! Walii ni mimi!"

Jikoni nikasikia mke wangu na binti yangu wameangua kicheko, kile cha kujizuia na kanga mdomoni. Shemegi akavaa makubazi yake akaondoka bila kuaga. Miaka ile ya vyama, yenye ubaya wake wote, mimi na yeye hatukufokeana namna ile.

Nikakaa siku nyingi na kijiba changu cha roho. Dukani mteja akiuliza klachi pleti nampa brekishuu. Nilikuwa namtazama binti yangu akiingia na kutoka nikisema, anapima. Anatupima mimi na yule, nani mzito. Na mimi nina kasha la bati na kioo. Mwenzangu nyuma ya kadi yake kuna Maskati nzima. Nikafikiria kununua hiyo bodi mwenyewe, na prosesa, na kila kitu, nimshinde mtu yule kwa mara moja. Ningeweza. Nikamwambia mke wangu.

Akaniuliza, "Ukishanunua kila kitu, yeye atakuwa kaunda nini?"

Basi sikununua.

Siku moja binti yangu akasema anakwenda Unguja na mama yake kwa shangazi, na akalifunga lile kasha vizuri kwenye boksi lake. Nikauliza la nini. Akasema anakwenda kulipimia. Nikachukua mwenyewe boksi mpaka kwenye gari la bandarini. Nikasema, leo kasha langu ndilo linalosafiri, ile kadi hata haikutajwa. Nimeshinda.

Wakarudi baada ya siku chache. Boksi hapana. Mkononi ana mfuko mdogo tu, kama mtu aliyetoka kununua dawa.

"Kasha liko wapi?"

Akaja akakaa chini, karibu na kiti changu. "Nimelibadilisha, baba. Mwenye duka alilipenda. Kanipa kadi ndogo ya picha, na ram, na diski ya kasi. Vyote vinaingia kwenye mashine yangu ile ile."

"Umebadilisha zawadi yangu."

"Ndiyo."

"Kwa vitu alivyovichagua mjomba wako."

"Mjomba alitaka kadi nyengine. Hata ile ndogo aliyoisema mwanzo siyo hii. Hii nimeisoma mwenyewe, nikaiona inacheza pale dukani. Ile ya Maskati nimeshamrudishia leo asubuhi, nimepita kwake kabla ya kuja hapa."

Nikasahau kuumia. "Umemrudishia? Kasemaje?"

"Aliipokea akaingia ndani."

Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri kama mtu aliyekunywa maji ya dafu. Yeye karudishiwa kitu chake, mimi changu kimeingia ndani ya mashine, japo kimebadilika sura. Nikaanza kusema kwamba basi kwa hakika ile kadi ndogo ni yangu, kwa sababu imetokana na kasha. Akanitazama tu, na mama yake akasema, "Mwache mtoto apumue."

Mchana ule ule akaifungua ile mashine juu ya mkeka. "Baba, njoo unimulikie, humu kiza." Nikashika simu yake yenye tochi. Nilitaka kumwambia apunguze nguvu hapa, aongeze pale, nikajiuma ulimi. Akaondoa vumbi kwa brashi ya hina iliyokauka, akaitia ram ikalia tik, akaitia kadi kwenye ufa wake, akakaza skrubu moja. Kadi ile haikuwa nzito hata kidogo. Nilipoipima ilikuwa kama biskuti.

Shemegi akafika wakati huo huo, hakualikwa na mtu, kasimama mlangoni anachungulia.

"Umeisukuma mpaka mwisho hiyo?"

"Nimeisukuma, mjomba. Kaa ndani, umeziba mwanga."

Akakaa upande wangu, kwenye mkeka huo huo. Hatukusalimiana. Binti akawasha. Ile mashine ikalia kidogo, ikanyamaza, kisha skrini ikaja na uwanja wa mpira, majani kijani, watu wanakimbia vizuri bila kukwama. Binti yangu akashika pedi na akafunga bao, na akapiga ukelele ambao sijausikia tangu alipokuwa mdogo.

"Sasa safari," shemegi akasema, sauti ya chini, kama anayenunua kitu asichotaka wengine wajue bei. "Mwanangu anauliza, nimwambie lini?"

Nilihisi moyo wangu umeshika breki.

"Mwambie ahsante, mjomba. Siendi."

Sikuweza kujizuia, nilimpiga shemegi yangu kofi la goti. "Umesikia? Kaunta yake inamngoja!"

"Na dukani kwako pia sikai, baba," akasema, macho yake kwenye skrini. "Wasichana wenzangu wameshaniomba niwaundie zao. Nitatafuta fremu ya duka Wete."

"Wete? Kwa nini si hapa Chake?"

"Hapa mpo nyinyi wawili."

Shemegi akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikakasirika, kisha nikamwona anajifuta jicho na si kwa kicheko. Tulikaa pale wazee wawili tukimwangalia mtoto akicheza mpira, na hata hapo nikawa natazama akifunga bao anageuka kwa nani kwanza. Aligeuka kwa mama yake, aliyekuwa mlangoni.

Fremu akaipata. Watu wanakuja kwake mpaka kutoka vijijini kumuuliza wachague nini kwa pesa ndogo. Napita Wete kwa shughuli zangu, na shughuli zangu Wete zimezidi. Nikimkuta shemegi keshakaa pale kwenye benchi, siku yangu imeharibika.

Leo nina nyumba ya mawe Chake Chake, na nyengine ya bati Kengeja. Nina duka la spea lenye milango miwili. Nina gari moja la abiria na pikapu. Nina mikarafuu, niliyoinunua mwenyewe. Nina ng'ombe na ndama wake. Nina mke, na watoto wote wazima. Nina drili, mashine ya kuchomelea na baskeli. Lile duka la kompyuta la Wete si langu. Ni la binti yangu.